Bendera ya Mamajusi na Tumbo la Orozimbo

Orozimbo aliendesha lori la maziwa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwemo, kwamba tumbo lake na maziwa hayakupatana hata siku moja. Kila asubuhi alizunguka mashamba ya kijiji cha Pedra Mansa akipakia madebe, na kila shamba alipewa kikombe cha maziwa ya moto yenye povu, kwa sababu kwetu milimani Minas mgeni haondoki na mdomo mkavu. Alipofika shamba la tano, tumbo lilikuwa linanguruma kama injini. Lakini injini yenyewe ilikuwa mbovu, hivyo hakuna aliyetofautisha.

Alikuwa mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa. Akiulizwa mara ya pili alijibu kwa mabega. Mkewe, Dorvalina, alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao padre alirudia swali mara tatu, mwishowe akaandika kwamba bwana harusi amekubali kwa kuitazama tu shingo yake. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hana cheo kijijini. Orozimbo alikuwa nacho kimoja: alikuwa mbeba bendera wa msafara wa Mamajusi.

Msafara hutoka Krismasi na kumalizika tarehe sita Januari. Huenda nyumba kwa nyumba na magitaa, kodiani na ngoma, ukiimba habari za wale wafalme watatu waliokwenda kumwona Mtoto. Bendera hutangulia. Ni ya hariri nyekundu, wafalme wameshonwa katikati, na tepe za rangi zinaning'inia pembeni, kila utepe nadhiri ya mtu. Baba yake Orozimbo aliibeba, na babu yake aliibeba. Sheria zake ni mbili, na hata mlevi wa Pedra Mansa anazijua. Bendera haiwekwi chini, wala haishikwi na mtu yeyote zaidi ya mbebaji na mwenye nyumba. Na chakula kikiletwa, mbeba bendera ndiye anayemega wa kwanza. Kabla hajamega wengine hawagusi kitu, hata kama wameimba tangu asubuhi na macho yameanza kuona nyota ambazo Mamajusi hawakuziona.

Kwa kazi hiyo huhitaji sauti. Unahitaji mikono miwili na tumbo. Mikono alikuwa nayo.

Mambo yaliharibika nyumbani kwa Bi Leontina, mtengenezaji wa jibini, ambaye kwake ndiko msafara humalizia. Siku hiyo Orozimbo alikuwa amemega kwanza katika nyumba sita. Kwa Bi Leontina akamega jibini bichi la asubuhi ile, akamega halua ya maziwa, akashushia na kikombe. Katika ubeti wa tatu wa wimbo wa shukrani, haja ikambana. Bi Leontina alikuwa jikoni, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkabidhi bendera. Orozimbo akafikiri kwa muda mfupi ambao tumbo lilimruhusu, kisha akatoka nayo.

Chooni alikuwemo mpiga gitaa. Ikabaki migomba.

Kupitia dirishani, waimbaji wote na watu wa nyumba waliwaona wale wafalme watatu wakichomoza juu ya majani ya migomba, wakasimama hapo kitambo wakitetemeka, tepe zikipepea, kisha wakainama polepole. Mzee Belarmino, kiongozi wa msafara, huimba amefumba macho, kwa hiyo yeye aliendelea. Wengine walishindwa.

Huenda habari ingefia palepale kama si Juvercino, kaka yake Dorvalina. Juvercino ndiye anayevaa kinyago katika msafara, na kazi ya mvaa kinyago ni kuchekesha watu kwa mashairi ya papo kwa papo. Hakuwahi kupata kitu kizuri namna hiyo tangu azaliwe. Kabla jua halijazama alikuwa ametunga beti nane, na kufikia Jumapili wanawake walikuwa wanaziimba wakifua nguo. Juvercino pia alikuwa ameitamani ile bendera tangu siku baba yake Orozimbo alipozikwa, lakini hilo hakulitungia shairi.

Mzee Belarmino alimwita Orozimbo kanisani, akamwambia bendera imefuliwa na padre ameibariki upya, ila macho yaliyoona hayafuliki. "Nakupa mwaka mmoja, mwanangu. Ukikimbia tena mbele ya watu, bendera inakwenda kwa shemeji yako."

Orozimbo alijibu kwa shingo.

Bi Leontina naye alikuwa na lake. Baada ya siku ile watu waliuliza, kama watu wanavyouliza, ni kitu gani hasa mbeba bendera alikula mwisho. Sokoni wakaanza kuyatazama majibini yake kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kung'ata mara moja. Mwanamke huyu alikuwa na mikono ya kukamulia nyati na ulimi unaolingana nayo. Akatangaza mbele ya kanisa kwamba mwaka ujao Orozimbo atakula jibini lake hadharani, asubuhi limetengenezwa, mchana limeliwa, na atasimama palepale mpaka wimbo uishe. La sivyo ajitafutie migomba mingine.

Kwa hiyo Orozimbo alikuwa na miezi kumi na miwili ya kulituliza tumbo lake.

Pedra Mansa ina zahanati moja na watu mia nne, na ukiacha waliomo zahanatini, wote waliobaki ni madaktari. Mwenye duka la dawa alisema ni ini. Kwake yeye kila kitu ni ini. Mwalimu alipovunjika mguu alipewa dawa ya ini. Jirani wa kulia alileta majani machungu ya kuchemsha, jirani wa kushoto akaleta majani mengine ya kuondoa uchungu wa yale ya kwanza. Mmoja alishauri anywe maji ya moto, mwingine ya baridi, na wote walimjua mtu aliyepona.

Kisha akaja Jucilene, mpwa wake, ambaye alikuwa amekaa mjini miaka miwili na kurudi akiwa haumwi kitu na hali kitu. Alimtazama mjomba wake ulimi na kucha akasema tatizo ni ngano. Orozimbo akaacha ngano. Wiki ya pili tatizo likawa sukari, ya tatu nyanya, ya nne ikagundulika kwamba vyakula vyenyewe havitakiwi kukutana tumboni: wali saa sita, maharage saa tisa. Dorvalina alivumilia yote mpaka hapo. Alipoambiwa atenganishe wali na maharage, alikwenda kukaa uani akalia. Alisema ameishi na mume asiyesema, lakini hakuwahi kuishi na sahani isiyoeleweka.

Katika dhiki hiyo Jucilene alimwachia mjomba wake faraja moja tu. "Mjomba, tumbo likisumbua, kunywa glasi ya maziwa ya uvuguvugu. Yanatuliza."

Orozimbo alikunywa asubuhi, mchana na jioni. Akakonda, mkanda ukaongezwa matundu mawili, na njia ya kwenda chooni ikaota upara kwa kukanyagwa. Vyakula vyote vilivyokuwa havina kosa vilikuwa vimefukuzwa nyumbani, na mwenye kosa amebaki peke yake mezani akihudumiwa.

Mwezi wa tano Dorvalina alimburuta hadi zahanati. Daktari Ludmila alikuwa mwanamke kijana kutoka pwani, anayekuja kila Alhamisi. Dorvalina ndiye aliyesema. Orozimbo alitazama bango la chanjo. Daktari aliuliza mengi ambayo hakuna jirani aliyeuliza: kama kuna damu, kama kuna homa, kama maumivu humwamsha usingizini, na huanza muda gani baada ya kula nini. Akampima uzito, akachukua vipimo, akawaambia warudi. Vipimo vilipotoka safi, alisema anashuku maziwa. Watu wengi duniani, alieleza, wakishakua tumbo hupunguza kutengeneza kile kinachovunja sukari iliyomo kwenye maziwa. Sukari hiyo ikibaki nzima inashuka chini na kuchachuka huko, ndiyo makelele yote hayo. Si sumu, si jicho la mtu, si ini.

"Rudisha ngano, rudisha nyanya, rudisha wali na maharage pamoja," akasema. Hapo Dorvalina alimpenda. "Acha maziwa tu, wiki tatu. Na uandike kila unachokula na kila kinachotokea."

Orozimbo alitii kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kubeba vitu bila kuviweka chini. Mashambani walipomletea kikombe alishika shavu kama mwenye jino bovu. Wiki tatu zilipokwisha akarudi na daftari limejaa, na tumbo lilelile. Daktari akafungua, akasoma kwa sauti.

"Jumatatu. Maziwa, hapana. Vimikate vya jibini, tisa. Mchana wali, maharage, jibini la kukaanga. Jioni halua ya maziwa vijiko viwili, na kipande cha jibini bichi cha kupunguza utamu. Saa kumi na mbili, kukimbia." Akainua macho. "Bwana Orozimbo, nilisema uache maziwa."

"Nimeacha."

"Na hili jibini?"

"Hilo ni jibini, daktari."

Daktari alimgeukia Dorvalina kutafuta msaada. Dorvalina alikuwa anamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama msomi aliyepotea njia ya kwenda kwake.

"Jibini linatoka wapi?" daktari akauliza taratibu.

"Kwa Leontina," Dorvalina akajibu.

"Na Leontina analipata wapi?"

Muuguzi, ambaye alizaliwa Pedra Mansa na kubatizwa Pedra Mansa, aliacha kuandika ili naye asikie. Kwetu, maziwa ni kitu cha kikombe. Yakishaganda, yakakamuliwa, yakachanganywa na unga wa muhogo na kuokwa, yanakuwa chakula. Na chakula hakiwezi kuwa maziwa, kama vile kiatu hakiwezi kuwa ng'ombe.

"Kumbe," akasema muuguzi kwa sauti ndogo, na akashika tumbo lake mwenyewe.

Safari hii daktari aliandika orodha. Ilipofika mwisho Dorvalina aliuliza kama wanaruhusiwa kupumua. Lakini alipika: wali na maharage, kuku na bamia, nyama ya nguruwe na sukuma wiki, ndizi, mahindi, samaki. Siku ya tisa tumbo la Orozimbo lilinyamaza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza, kama mtu ambaye jirani yake mwenye kelele amehama bila kuaga.

Kisha wakaanza kurudisha kimoja kimoja, na daftari likashuhudia. Kikombe kizima, janga. Nusu kikombe, janga dogo. Kijiko kimoja cha halua, salama, vitatu, mbio. Jibini bichi, mbio. Mwezi wa tisa, kwenye shamba moja la mbali, mwenye shamba hakutegemea mgeni na hakuwa na kitu kingine. Akamkatia kipande cha jibini gumu la miezi minane, lile linalowekwa juu ya jiko kwa ajili ya kukunia kwenye chakula. Orozimbo alikwishakitafuna ndipo akakumbuka. Aliendesha lori akiwa amekaza kila kilichoweza kukazwa. Hakikutokea kitu. Akarudia siku ya pili, na ya nne. Katika daftari aliandika: "Jibini kuukuu, ukubwa wa kiganja. Kimya." Akapigia mstari mara mbili.

Daktari hakushangaa. Alisema jibini bichi bado limeshika maji yake, na humo ndimo sukari ya maziwa ilimo. Likikaa miezi, maji huisha, na sukari iliyobaki huliwa na vijidudu vya humo ndani. Orozimbo alilipenda jambo hilo. Kumbe jibini nalo lilikuwa na mbeba bendera wake wa kumega kwanza.

Tatizo likawa moja. Kwetu jibini gumu halipewi mgeni. Kumpa mgeni jibini la kukunia ni kumwambia kwamba ungefurahi zaidi kama angepita nyumba ya pili. Na msafara wa Mamajusi ulikuwa na nyumba sitini na mbili, kila moja na jibini bichi juu ya kitambaa cheupe.

Daktari Ludmila alimwambia dawa ya kwanza ni kusema: waambie watu tumbo lako halipatani na maziwa. Orozimbo akauliza kama hakuna ya vidonge. Ilikuwepo, vidonge vya kumeza kabla ya kula, lakini kuviagiza ilibidi kupitia kwa mwenye duka la dawa, na kumwambia yeye ni sawa na kupanda kwenye mnara wa kanisa na kupiga kengele.

"Baba Neide," mkewe akamwambia walipokuwa njiani kurudi, akimwita kwa jina la binti yao, "kusema hakuharishi."

Alijibu kwa mabega.

Krismasi ilipofika alikuwa amekwisha kupata njia yake. Dorvalina alishona mfuko mpana ndani ya joho jeupe la msafara. Nyumba ikileta vimikate na jibini, Orozimbo alichukua wa kwanza kama sheria inavyotaka, akapeleka mdomoni, akageuka upande wa pango la Noeli kama mtu aliyeguswa na ibada, na kitu kikateremka mfukoni. Palipokuwa na kuku au wali alikula sawasawa. Kwa siku mbili mambo yalikwenda vizuri.

Siku ya tatu mbwa mmoja aliwafuata. Siku ya tano walikuwa wanne. Kufikia Mwaka Mpya, mbwa kumi na mmoja walitembea nyuma ya bendera takatifu kwa adabu kubwa, pua juu, bila kubweka wala kugombana. Watu walitoka majumbani kutazama. Akina mama wazee walisema hawajaona kitu kama hicho tangu wazaliwe, kwamba hata wanyama mwaka huu wamemtambua Mtoto. Padre aligusia jambo hilo katika mahubiri. Mwanamke mmoja alifunga utepe mpya kwenye bendera akiomba mbwa wake aliyepotea arudi, na mbwa alikuwemo palepale, wa sita kutoka mwisho.

Orozimbo alitembea mbele akitokwa na jasho jembamba. Utakatifu ule ulimlemea kuliko aibu ya mwaka uliopita.

Juvercino peke yake hakuamini. Alitembea karibu na bendera, macho yakimeta kwenye matundu ya kinyago. "Shemeji, umekonda na umenenepa ubavu mmoja," akasema. "Wengine hubeba msalaba, wewe unabeba nini humo?" Na kila walipopita shamba lenye migomba alimsimamisha kwa heshima. "Tupumzike hapa, shemeji? Sisi hatuna haraka. Haraka huwa yako."

Tarehe sita mchana wakafika kwa Bi Leontina.

Hata watu wasiokwenda misa walikuwepo. Walikaa madirishani, juu ya ukuta, na wengine walichagua kwa makusudi upande wa migomba, kwani huko ndiko kulikoonekana kuna mengi ya kutazama. Bi Leontina aliipokea bendera, akaibusu, akaipitisha vyumba vyote kama desturi ilivyo, akairudisha mkononi mwa Orozimbo. Kisha akaleta jibini. Lilikuwa jeupe, zima, bado linalia maji juu ya sahani. Pembeni akaweka glasi ya maziwa.

"Mwaka mzima nimeitwa mtia sumu," akasema, na hakuhitaji kupaza sauti. "Watoto wananiimba. Leo utakula hapa mbele yao, Bwana Orozimbo, na ukuta usiguse, na mlango usiutazame. Mzee Belarmino ataimba beti zote."

Mzee Belarmino aliinamisha kichwa. Beti zote ni ishirini na nne.

Hapakuwa na pa kugeukia. Pango la Noeli lilikuwa nyuma yake, na Bi Leontina alisimama katikati. Mbwa kumi na mmoja walikuwa wamekaa kizingitini wakisubiri. Orozimbo aliliangalia jibini, akaangalia dirishani majani ya migomba, akaangalia bendera ya baba yake. Akila, atakimbia, na bendera imekwenda. Asipokula, Bi Leontina hatauza tena, na bendera imekwenda vilevile, maana mbebaji asiyemega si mbebaji.

Dorvalina, karibu na mlango wa jiko, aligusa midomo yake kwa kidole, kama kumwambia: sema.

"Bi Leontina," akasema Orozimbo. Watu wengi walikuwa hawajui sauti yake ikoje. Ilikuwa nyembamba kidogo. "Jibini lako halina kosa. Halikuwa na kosa hata mwaka jana. Tumbo langu haliwezi maziwa. Haliwezi tangu zamani."

Dereva wa lori la maziwa, mjukuu wa wafugaji, mzaliwa wa Minas, hawezi maziwa. Ingekuwa afadhali aseme hamwamini Mungu. Kwa hilo padre angekuwa na la kumjibu.

"Shemeji," Juvercino akasema ndani ya kinyago, "sema tu migomba imekutisha."

"Imenitisha," Orozimbo akajibu, na watu wakashangaa kwamba anajibu. "Mwaka mzima sijalala vizuri kwa sababu ya beti zako nane. Zote nazijua kwa moyo. Ule wa tano ni mzuri." Akamgeukia mwenye nyumba. "Lakini kuna jibini lako ninaloliweza. Lile gumu, lililo juu ya jiko. Nipe hilo nimege, mbele ya hawa wote."

Uso wa Bi Leontina ulibadilika rangi. "Lile la kukunia? Unanitukana nyumbani kwangu? Lile panya hulipita."

"Panya hawajui. Nimekula la namna hiyo tangu mwezi wa tisa. Nimeandika kwenye daftari."

Akalitoa, lile la kurasa mia lenye picha ya farasi. Bi Leontina hakulifungua, lakini alilitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwenye hasira, si mjinga. Mtu atakula jibini la Leontina mbele ya kijiji kizima na kusimama. Umri wa jibini aliutaja yeye mwenyewe mbele ya kanisa, na aliyeutaja anaweza kuubadilisha. Akaingia jikoni.

Alirudi na kitu cha rangi ya mbao ya zamani. Kisu kiliteleza, kikateleza tena, ikabidi aletewe shoka dogo la kuni. Kipande kikaruka, Orozimbo akakidaka kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye bendera, akatia mdomoni. Alitafuna sana. Sauti ya kutafuna ilisikika mpaka ukutani. Kisha akameza, akafungua mdomo kidogo kuonyesha kwamba kimekwenda, na wote wakaliona koo likirudi mahali pake.

Wengine wakaliangukia jibini bichi, na Mzee Belarmino akaanza wimbo.

Hakuna mwaka ambao wimbo ule ulisikilizwa kwa makini namna hiyo. Hakuna aliyelitazama pango la Noeli. Macho mia mbili yalikuwa kwenye tumbo la Orozimbo, chini kidogo ya wafalme. Ubeti wa tatu ulipita. Watu wakavuta pumzi. Ubeti wa tisa tumbo likatoa mlio mdogo, kama mtu anayesogeza kiti, na palepale umati ukajigawa wenyewe na kuacha njia pana kutoka kwake mpaka mlangoni, hata mbwa wakasogea. Orozimbo aliitazama njia ile. Mlio ule ulikuwa wa njaa tu. Hakuwa amekula chakula cha maana tangu jana. Akabaki amesimama mbele ya njia tupu beti kumi na tano nzima, na jasho likamtiririka, na tepe hazikutikisika.

Ubeti wa ishirini na moja ilisikika hatua ya haraka. Watu wote waligeuka. Ni Jucilene, aliyekuwa ameonja kila kitu kwa ajili ya utafiti.

Wimbo ulipokwisha Bi Leontina alikuwa amekwishasimama mezani na shoka lake, akieleza umati kwamba jibini lile ni la miezi kumi na moja, kwamba alikuwa analihifadhi kwa makusudi, na kwamba linafaa kwa tumbo, ini na jino. Mwenye duka la dawa alisikia neno ini akasogea mbele.

"Linafaa tumbo langu," Orozimbo akajaribu kusema. "Daktari alisema kila mtu aandike lake." Lakini maneno yake ya mwaka mzima alikuwa ameyatumia, na hakuna aliyemsikia.

Mzee Belarmino alimwambia kwa kifupi kwamba bendera inabaki ilipo. Juvercino alivua kinyago, akajifuta uso, akasema kwa uchungu kwamba sasa itabidi atunge upya beti zote nane. Walipotoka kupeleka bendera kanisani, mzee alimshika Orozimbo mkono, akamvuta mpaka kando ya migomba, mahali ambapo hakuna anayesikia.

"Mwanangu," akasema, "umewahi kujiuliza kwa nini kwa akina Tavares huwa tunaimba beti nne tu?"

Orozimbo alifikiri. Kwa akina Tavares maziwa hutolewa na sukari na mdalasini, jagi zima. "Nilidhani ndiyo desturi."

"Desturi nimeianzisha mimi. Miaka thelathini na minane sasa." Mzee alitazama huku na huku. "Na kwa nini unadhani naimba nimefumba macho? Hilo daftari lako. Ungeweza kuniazima mpaka Alhamisi?"

Orozimbo aliingiza mkono mfukoni, akalitoa, akampa. Mbwa kumi na mmoja walisogea, wakaunusa mfuko ule mmoja baada ya mwingine, wakakuta hakuna kitu. Wakakaa kidogo kwa ajili ya heshima, kisha wakaondoka kila mmoja kwao.